Fundi wa Seva Anajibu: GB 14 Zilizogoma Kutoka, na Saa Nane Isiyo ya Usiku

Barua za safari hii zote zimetoka mkoa wa Kigoma. Ya kwanza tumeijibu kwa kirefu, maana kosa lake huwakumba hata wazoefu.

SWALI: Habari za kazi, mafundi. Tuna kompyuta ya Ubuntu inayotunza hesabu za duka letu la jumla la mawese na dagaa. Juzi ilianza kukataa kuhifadhi chochote, kila mara inaandika "No space left on device" (diski haina nafasi). Nikakuta faili la logi (kumbukumbu za matukio ya programu) la GB 14, nikalifuta kwa rm. Lakini df -h, amri ya kuonyesha nafasi ya diski, bado inaonyesha 100%. Zimekwenda wapi hizo GB 14? *Msomaji, Ujiji*

JIBU: Hazijaenda popote. Amri ya rm hufuta jina la faili tu. Karani akikata mstari wa gunia kwenye daftari la ghala, gunia lenyewe halijatoka. Lipo palepale mpaka anayelishikilia aliachie. Anayelishikilia hapa ni programu iliyokuwa ikiandika logi hiyo. Bado imelifungua faili, kwa hiyo nafasi haiwezi kurudi. Mtafute hivi:

`sudo lsof +L1`

Amri hii huorodhesha mafaili yasiyo na jina tena lakini bado yameshikwa. Utaona mstari wa namna hii, na mwishoni mwake neno deleted:

`hesabu 1184 root 4w REG 8,2 15032385536 0 393441 /var/log/hesabu.log (deleted)`

Usiogope wingi wa tarakimu. 1184 ni namba ya programu inayoendelea kufanya kazi. 4w maana yake imelifungua faili kwa mlango wa 4, kwa ajili ya kuandika. Ile namba ndefu ni ukubwa kwa baiti, ambazo ndizo GB 14 zako. Sifuri inayofuata ndiyo ushahidi: faili halina jina hata moja lililobaki.

Dawa nyepesi ni kuiwasha upya huduma hiyo peke yake, kwa `sudo systemctl restart` na jina la huduma. Huna haja ya kuzima kompyuta nzima. Kama duka limejaa wateja na huduma haiwezi kusimama, likate faili likiwa mkononi mwa programu:

`sudo truncate -s 0 /proc/1184/fd/4`

Hakikisha namba zote mbili kabla ya kubonyeza Enter. Ukikosea mlango, unaweza kufuta data yenyewe badala ya logi. Siku nyingine logi ikivimba, usiifute. Itoe maji kwa `sudo truncate -s 0 /var/log/hesabu.log`. Jina linabaki, programu inaendelea, nafasi inarudi papo hapo.

Sasa tafuta kwa nini ilijaa. Anzia juu ushuke:

`sudo du -xh --max-depth=1 / | sort -h`

Mstari wa chini kabisa ni jumla ya yote; folda kubwa kuliko zote ni ile ya mstari ulio juu yake. Weka njia yake badala ya ile / uendelee kushuka. Herufi x huizuia du isivuke kwenda diski nyingine, la sivyo itahesabu na flashi uliyochomeka. Logi za mfumo wenyewe zipunguze kwa `sudo journalctl --vacuum-size=200M`. Na kama df -h inaonyesha nafasi ipo lakini kompyuta bado inalalamika, jaribu `df -i`: huenda mafaili madogomadogo yamekuwa mengi mpaka nafasi za kuyaandikisha zimekwisha, ingawa diski yenyewe haijajaa.

Jambo moja dogo linalowachanganya wengi: kwa kawaida ext4, mpangilio wa mafaili kwenye diski za Linux, hutenga asilimia 5 ya diski kwa ajili ya root, yaani msimamizi mkuu wa kompyuta. Kwenye GB 500 hiyo ni GB 25. Kwa hiyo ukijumlisha zilizotumika na zilizobaki usipate jumla kamili, hujaibiwa.

SWALI: Shikamooni. Nimeweka bakapu ya daftari la wakulima wa kahawa ifanyike saa nane usiku. Kwenye crontab, orodha ya kazi ambazo programu ya cron huziendesha kwa saa zilizopangwa, nimeandika:

`0 8 * * * tar czf /bakapu/wakulima-$(date +%F).tgz /srv/wakulima`

Bakapu haionekani, na logi ya mfumo inaonyesha amri iliitwa asubuhi. *Karani, Kalinzi*

JIBU: Marahaba. Una makosa mawili kwenye mstari mmoja.

La kwanza ni saa. Cron huhesabu kuanzia usiku wa manane, haijui saa za Kiswahili. Kwake 8 ni saa mbili asubuhi. Mchana, saa 1 mpaka saa 12 jioni, ongeza 6. Usiku, saa 1 mpaka saa 5, ongeza 18. Kuanzia saa 6 usiku mpaka saa 12 alfajiri, toa 6. Kwa hiyo saa nane usiku ni 2. Kisha andika `timedatectl` uone kompyuta inafuata saa za wapi. Ikiwa ni UTC (saa za kimataifa), kazi ya saa 2 itafanyika saa kumi na moja alfajiri yetu. Irekebishe:

`sudo timedatectl set-timezone Africa/Dar_es_Salaam`
`sudo systemctl restart cron`

Kosa la pili limejificha zaidi. Ndani ya crontab, alama ya % ni mwisho wa mstari. Amri yako ilikatwa hapo kwenye date, ikafa kabla ya kuandika hata baiti moja. Unaweza kuandika `\%F`, lakini sisi tunapendelea kuiweka amri nzima kwenye skripti, ambako % haina shida, na crontab ibaki hivi:

`0 2 * * * /usr/local/bin/bakapu.sh >> /home/karani/bakapu.log 2>&1`

Skripti ipe ruhusa kwa `sudo chmod 755`. Lile 2>&1 likae mwisho; likitangulia, makosa hayataingia kwenye logi. Na umeme ukikatika saa nane usiku, cron haitalipa deni asubuhi. Kwa mashine isiyo na betri ya akiba, tumia taima ya systemd (msimamizi wa huduma kwenye Linux) yenye `Persistent=true`; hiyo ikiwaka huikumbuka kazi iliyopitwa.

SWALI: Nikiwa ndani ya seva ya mbali kwa ssh, mtandao ukikatika kazi yote inakufa. *Msomaji, Kasulu*

JIBU: Muunganisho ukifa, programu zako hupewa ishara ya kufunga. Ingia kwanza kwenye seva, ndipo uandike `tmux new -s kazi`. tmux ni programu inayoendeleza kazi zako kwenye seva hata ukitoka. Wengi huifungua kwenye laptopu yao, halafu wanashangaa haiwasaidii. Fanya kazi zako humo. Ukitaka kutoka, bonyeza Ctrl na b, uachie, kisha d. Mtandao ukirudi, ingia tena uandike `tmux attach -t kazi`. Utakuta kila kitu kinaendelea ulipokiacha. Kwa kuhamisha mafaili makubwa, tumia `rsync -aP` badala ya scp: likikatikia katikati, kipande kilichofika hakitupwi, na bando lako haliliwi mara mbili.