Soma kibandiko kwanza, bisibisi baadaye: kwa fundi mpya anayebadilisha pawa saplai

Mdogo wangu unayeanza ufundi wa kompyuta, kazi ya kwanza utakayoachiwa peke yako huenda ikawa hii. Mteja anaingia na boksi kalikumbatia kama mtoto mwenye homa: "Fundi, CPU yangu haiwaki." Usihangaike kumsahihisha. Huku kwetu boksi zima ndilo CPU, na kile kidude chenyewe kinachofikiri humo ndani, yaani prosesa, wateja wala hawana habari nacho. Unafungua, unakuta pawa saplai, kile kisanduku kinachogawa umeme ndani ya kompyuta, imejaa vumbi, unatoa hukumu, unakwenda kutafuta nyingine. Skrubu nne, kebo tatu nne, umemaliza. Na mimi nilidhani hivyo. Kufungua na kufunga ni robo saa tu. Kilichonilia pesa na kunipotezea wateja ni yale niliyoyaruka kabla sijashika bisibisi.

Mwaka wangu wa kwanza mama mmoja mwenye duka la stationery aliniletea mashine yake, msimu wa mitihani, foleni ya wanafunzi wa kutoa nakala inamsubiri. Nikapata pawa saplai ya mtumba, imetolewa kwenye kompyuta iliyotoka Marekani. Muuzaji aliapa kuwa ni nzima, na kweli ilikuwa nzima. Nyuma yake kulikuwa na kiswichi kidogo chekundu kimeandikwa 115. Sikukitazama. Nikafunga vizuri, nikachomeka kebo, nikawasha swichi ya ukutani. Kitufe cha kuwashia kompyuta sikuwahi hata kukigusa. Ulitoka mlio wa fataki, moshi, harufu ya samaki aliyeoza, na umeme ukakatika chumba kizima. Jirani yangu wa saluni alitoka mbio na taulo kichwani.

Sababu yake ni hii. Umeme wetu ni volti 230. Kiswichi kikiwa kwenye 115, saketi ya ndani inajipanga kuuzidisha umeme mara mbili, maana inadhani iko Marekani. Zile kapasita (vihifadhi chaji) mbili kubwa za mwanzoni, kila moja imetengenezwa kustahimili volti 200, zinapigwa na zaidi ya 300 kila moja. Hazisubiri ubonyeze kitufe, zinapasuka pale pale umeme unapoingia. Bahati yangu madabodi, ule ubao mkuu wa saketi, ilipona. Pawa saplai ya pili niliinunua kwa pesa yangu. Kwa hiyo, kabla ya kebo kugusa ukuta, tazama nyuma. Kama hakuna kiswichi na kibandiko kinasema 100–240, inajitambua yenyewe. Kama kipo, kisome kwa macho yako, usimsikilize muuzaji.

Sasa turudi nyuma kidogo, kwenye kuamua kama kweli pawa saplai ndiyo mgonjwa. Anzia ukutani. Soketi ina umeme? Kebo ni nzima? Plagi ya miguu mitatu ina fyuzi ndani yake, nayo huungua. Swichi ya nyuma ya pawa saplai iko kwenye I au kwenye 0? Nimewahi kulipwa nauli ya kwenda na kurudi kwa kubonyeza swichi hiyo tu, mfagizi aliigusa na ufagio. Mteja aliona haya kuliko mimi.

Ukishamaliza ukuta, sikiliza dalili. Mashine inayogoma asubuhi, ukaijaribu mara tano sita ikawaka, na ikishapata moto haisumbui tena hadi kesho yake, hiyo mara nyingi ni kapasita zilizochoka. Inayojizima au kujiwasha upya inapopewa kazi nzito, mshuku pawa saplai lakini gusa pia feni ya prosesa, joto huleta dalili hizo hizo. Feni ikizunguka nusu mzunguko na kusimama, kuna shoti mahali, na mahali penyewe si lazima pawe ndani ya pawa saplai. Chomoa diski, chomoa sidii, chomoa kadi zote, jaribu tena. Siku moja nilikuta skrubu iliyoanguka chini ya madabodi. Siku nyingine alikuwa mjusi, amekauka kwenye pini. Na saa inayorudi mwaka 2009 kila ikizimwa haihusiani kabisa na habari hii, ni betri ndogo ya CR2032 kwenye madabodi.

Kisha mita ya kupimia umeme. Kama huna mita, acha kuwaambia watu wewe ni fundi mpaka ununue, hata ile ya njano ya bei rahisi. Pawa saplai ikiwa imechomekwa umeme lakini kompyuta haijawashwa, waya wa zambarau unapaswa kutoa volti 5. Hakuna kitu kwenye zambarau? Tayari umepata jibu. Kama upo, zima umeme, toa konekta kubwa kwenye madabodi, unganisha waya wa kijani na mweusi wowote kwa klipu ya karatasi, kisha rudisha umeme. Feni ikizunguka, usishangilie. Hapo ndipo wengi hudanganyika, maana feni huzunguka hata kwa umeme mbovu. Chomeka diski kuukuu au sidii usiyoijali ili ipate mzigo wa kubeba, halafu pima. Wa njano unatakiwa kuwa kati ya 11.4 na 12.6, mwekundu kati ya 4.75 na 5.25, wa chungwa karibu na 3.3. Pia usiusahau waya wa kijivu: ndio unaoiambia madabodi kwamba umeme umetulia, na unatakiwa kuonyesha karibu volti 5 muda mfupi baada ya kuwaka. Nyaya nyingine zote zikiwa sawa na huu ukiwa sifuri, kompyuta haiwaki ng'o.

Ukithibitisha imekufa, usiifungue kwa sababu ya udadisi. Kapasita za ndani hubeba volti zaidi ya 300, na zinaweza kubaki nazo hata kebo ikiwa imechomolewa. Kurekebisha ndani ya pawa saplai ni ufundi mwingine, wenye mafundi wake.

Kununua ndiko kwenye mitego. Kompyuta nyingi za mezani zinafuata mpangilio wa ATX, ambao Intel waliutoa mwaka 1995. Mwanzoni konekta kubwa ilikuwa na pini 20. Prosesa ya Pentium 4 ilipokuja mwaka 2000 ikaongezwa konekta ndogo ya pini 4 kwa ajili ya prosesa, na mwaka 2003 ile kubwa ikawa na pini 24. Pawa saplai ya siku hizi mara nyingi konekta yake hukatika vipande viwili, 20 na 4, kwa hiyo kwenye madabodi ya zamani kile kipande kidogo unakiacha kining'inie. Hadi hapo ni rahisi.

Ugumu unaanzia kwenye kompyuta za maofisini zinazoletwa kwa makontena, na huku kwetu ndizo nyingi. Dell OptiPlex 3020, 7020 na 9020 zina konekta kubwa ya pini 8, si 24. HP EliteDesk 800 G1 na ProDesk 600 G1 zina ya pini 6. Humo diski hula umeme kutoka kwenye madabodi yenyewe. Ukienda dukani ukasema "nipe pawa saplai ya kompyuta" utarudi na kitu kisichoingia popote. Kebo za kugeuza kutoka pini 24 zipo, nami nimezitumia, ila nunua iliyoandikwa aina ya mashine yako hasa, kwa kuwa baadhi zina kisaketi kidogo cha kurekebisha umeme wa kusubiri, ule unaokuwepo kabla mashine haijawashwa, na nyingine hazina. Kwa mashine hizi mimi hupendelea pawa saplai ya aina ile ile iliyotolewa kwenye mashine nyingine iliyokufa. Piga picha ya kibandiko cha ile mbovu, chukua namba yake, mwonyeshe muuzaji.

Hatari zaidi ni Dell za mwishoni mwa miaka ya 1990. Konekta yao ina pini 20, inaingia kwenye ATX ya kawaida bila kulazimishwa, na nyaya zake zimepangwa tofauti. Inakaa vizuri, unawasha, madabodi inaungua. Kuna shule na ofisi ambazo mashine hizo bado ziko stoo, kwa hiyo usicheke. Ukikutana nayo, linganisha rangi za waya pini kwa pini kabla ya kuunganisha.

Vipimo navyo. ATX ya kawaida ni upana milimita 150 na kimo 86; kina ndicho hubadilika, nyingi ni 140. Maboksi membamba hutumia TFX, ndefu kama tofali jembamba, 85 kwa 65 kwa 175. Beba rula. Nimeona kijana amebeba ATX kuanzia Kariakoo hadi Morogoro kwa ajili ya boksi ambalo haliwezi kuipokea hata ukalikata.

Halafu zile wati. Herufi kubwa za kung'aa zisikutishe wala zisikufurahishe. Tazama jedwali dogo chini yake, mstari wa 12V, chukua ampea uzidishe kwa 12. Niliwahi kushika moja imeandikwa 500W, na kwenye jedwali 12V ni ampea 14. Hizo ni wati 168 kwenye mstari ambao prosesa na kadi ya picha zinautegemea. Ni mtoto aliyevaa koti la kaka yake. Kumbuka OptiPlex 9020 ya boksi kubwa ilitoka kiwandani na wati 290 tu, na inafanya kazi za ofisi bila kulalamika. Mimi kwa mashine isiyo na kadi ya picha huchukua ya mtumba ya wati 290 ya kampuni inayoheshimika, naiacha mpya ya "600" nyepesi kama boksi la biskuti. Ndiyo, uzito ni kipimo. Ipime mkononi.

Kwa mashine kongwe kabisa, za Pentium III au Athlon XP, geuza hesabu. Nyingi ya hizo prosesa yake hula kwenye mstari wa volti 5, si 12, na pawa saplai za sasa mstari huo ni dhaifu. Soma ampea za 5V kwenye kibandiko cha zamani, usishuke chini yake.

Kufunga kwenyewe sitakuchosha. Chomoa kebo ya ukutani, bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde chache ili chaji iliyobaki iishe, gusa chuma cha boksi. Piga picha nyaya zote kwa simu. Konekta kubwa ina kikucha, kibane ndipo uvute, ukishika konekta yenyewe na si nyaya. Ukifungua skrubu ya nne, mkono mwingine uwe umeishika pawa saplai, la sivyo inaangukia madabodi.

Wakati wa kurudisha, kitu kikigoma kuingia usikilazimishe. Konekta ya prosesa na ile ya kadi ya picha zinafanana kwa mbali, ila njano na nyeusi zimekaa pande tofauti. Mwenye nguvu za kutosha anaweza kuzisukuma zikaingia, na akaunguza. Zile pawa saplai ambazo kebo zake huchomoka pande zote mbili, tumia kebo zilizokuja nayo tu. Upande wa diski kebo zote zinafanana, upande wa pawa saplai kila mtengenezaji ana mpangilio wake. Kijana niliyekuwa namfundisha alichukua kebo kwenye droo kwa kuwa ile yake ilikuwa fupi. Diski ilikufa na picha za harusi ya watu, na kwenda kuwaambia nilikwenda mimi. Na ukihitaji kugeuza konekta ya Molex (ya diski za zamani, pini 4 nene) kuwa ya SATA (bapa, ya diski za sasa), chagua ile ambayo waya zake unaziona zimebanwa kwenye pini, si ile iliyomiminwa plastiki ikawa kipande kimoja. Hizo za kumiminwa zina sifa ya kushika moto.

Baada ya kuwaka, usimpigie mteja simu bado. Iache icheze video saa nzima, weka kiganja nyuma usikie hewa ni ya uvuguvugu au ya moto, ingia kwenye mpangilio wa BIOS, ile programu ya msingi ya madabodi, usome volti. Ziba matundu ya kadi yaliyobaki wazi nyuma ya boksi, maana mijusi na mende huingilia hapo. Halafu chukua maka peni, andika tarehe ubavuni mwa pawa saplai, upande unaoonekana boksi likifunguliwa. Yule mama wa stationery alirudi baada ya miaka minne akisema "ile uliyoniwekea juzi imeharibika." Nikafungua, nikamwonyesha mwandiko wangu. Tulicheka wote wawili, akatoa pesa ya nyingine, na safari hii ni yeye aliyeniuliza, "Kile kiswichi umekitazama?"