Kupiga picha za watu ufukweni Paje

Ndugu yangu, umeuliza kama lenzi ya milimita 200, ile ndefu ya kuvuta vitu vya mbali, itakufaa Paje, kule pwani ya mashariki ya Unguja, Zanzibar, upige picha za watu wasijue. Mimi ningeiacha nyumbani. Chukua ya milimita 35, fupi isiyovuta, sogea, wakuone. Maji yakikupwa, akina mama wanaolima mwani huinama kwenye vigingi vyao vya kufungia kamba za mwani, kanga zimelowa mpaka magotini. Ukiwavizia kutoka mbali wanajua, na wanachukia, wamechoka kugeuzwa mapambo ya watalii.

Anza na shikamoo. Uliza habari za mwani, kaa hapo hata nusu saa kamera ikiwa imening'inia tu. Wakikuruhusu, watakuzoea na kurudi kwenye kazi yao, na hapo ndipo picha ya kweli hutokea: vidole vilivyokunjamana kwa maji ya chumvi vikifunga kamba.

Jua huchomoza upande wa bahari, kwa hiyo wahi asubuhi. Mchanga ule mweupe huidanganya kamera, nyuso zikatoka giza. Ongeza mwanga hatua moja kwenye kamera (+1). Watoto usiwapige bila mzazi kuridhia. Na mtu akikataa baada ya kupigwa, ifute mbele ya macho yake, hata kama ndiyo nzuri kuliko zote.