Tashbihi na sitiari, kwa mifano ya soko la samaki la Mwaloni

Dada yangu, umeuliza kwa nini mwanao alikosa alipoandika kwamba "Yule tajiri ni sangara" ni tashbihi. Hiyo ni sitiari. Hakuna kilinganishi, yaani neno la kufananisha: tajiri hajafananishwa na sangara, ameitwa sangara moja kwa moja. Na mtoto wa Mwanza anajua maana yake bila kufundishwa, maana sangara, samaki mkubwa anayekula wenzake, ndiye aliyekaribia kuwamaliza furu, samaki wadogo wa Ziwa Victoria.

Tashbihi lazima ionyeshe daraja lake: kama, mithili ya, mfano wa, utadhani. Pita Mwaloni Kirumba saa nne asubuhi uone dagaa juani, "wanang'aa kama sindano". Hiyo ndiyo tashbihi. Neno lenyewe linamsaidia mtoto kukumbuka, kwani ni ndugu wa kushabihiana, yaani kufanana.

Ila mwambie asikimbilie kila "kama" anayoiona. Hapa ndipo wengi wanapopoteza alama, na inaniuma kwa sababu ni kosa dogo la kurekebisha. "Wameingia wavuvi kama ishirini" ni makadirio tu. "Kama upepo utatulia, tutavuka" ni sharti. Ajiulize: je, kuna vitu viwili vinavyofananishwa hapa? Kama havipo, si tashbihi.

Kuhusu "Ziwa limekasirika leo", hiyo ni tashihisi, ziwa limepewa hasira ya binadamu. Na akikuta kitabu cha Kenya kimeandika istiara, asishtuke, mara nyingi ni sitiari hiyohiyo.