Jibu kwa mkuu wa F-250 anayehamia Fargo: hiyo dawa nzito imwage kabla hujavuka Oklahoma

Mkuu, simama hapohapo. Umesema una pikapu ya Ford F-250 ya 2001 yenye injini ya dizeli ya 7.3 Power Stroke, unahama Dallas, Texas, kwenda Fargo kule North Dakota mwezi wa kumi na moja, na unauliza mambo manne: uweke oili gani, filta gani, ubadilishe kila baada ya maili ngapi, na kama dizeli ya huko inahitaji kuongezewa kitu. Maswali mazuri. Ila mstari wako wa mwisho ndio ulionipandisha presha: kwamba kuna fundi amekwambia injini imeshazeeka na inavuja, kwa hiyo ubaki na oili ya 15W-40 na uongezee ile dawa nzito ya chupa, ya kuifanya oili iwe nzito zaidi, nawe umeshafanya hivyo. Sijui fundi wako ni nani, lakini kama ni mtu wa kusema "mimi nimefungua injini wewe hujazaliwa", basi huyo ni wangu, na bado nina deni naye.

Sikiliza kwanza habari ya oili; filta na maili tutazungumza siku nyingine.

Mimi niko Minnesota. Nilikuwa na 7.3 kama yako, imevuka maili laki mbili, inavuja oili pale kwenye kiti cha turbo mpaka mwenye nyumba akaniwekea kadibodi kwenye maegesho. Nikamuuliza mzee mmoja wa kwetu, dereva wa masafa marefu hapa, zamani alikuwa fundi wa malori kule Mbeya. Mzee akanijibu bila hata kuinua macho kwenye sahani: "Injini kuukuu inataka oili nzito." Akaniagiza niweke 15W-40, na kila nikibadilisha, sehemu moja ya tano iwe ile dawa inayomiminika polepole mpaka unapata muda wa kupiga simu nyumbani. Nikafanya hivyo. Na uvujaji ukapungua kweli! Nikamsifia kila mahali. Kwenye msiba, kwenye harusi, kote nilikuwa natangaza dawa ya mzee.

Hiyo ilikuwa mwezi wa tisa.

Sasa tuwe wakweli kuhusu kwetu. Mbeya ni baridi, ndiyo, na ukipanda Kitulo mwezi wa sita au wa saba utakuta umande umeganda kwenye majani. Lakini hapo unazungumzia sifuri, au chini yake kidogo. Kwa baridi hiyo 15W-40 inafanya kazi bila shida, hata 20W-50 utaamka nayo. Mzee hakuwa mwongo, alikuwa anasema kweli ya nchi nyingine. Kosa lake ni kwamba ameishi Minnesota miaka yote hiyo akilala kwenye lori la kampuni ambalo injini yake haizimwi usiku wa baridi, halafu akanishauri mimi ninayeegesha nje.

Tarehe 30 Januari 2019, kama ulikuwa Dallas labda uliona kwenye habari, Minneapolis ilishuka mpaka −28 Farenhaiti, yaani nyuzi 33 chini ya sifuri kwa Selsiasi. Shule zilifungwa. Hata posta waliacha kupeleka barua siku ile. Mimi nikawa natoka zamu ya usiku, na maegesho ya kazini hayana plagi ya umeme, kwa hiyo ile hita ya bloku, ya kupasha injini kwa umeme, ambayo waya wake unaning'inia mbele ya gari, ilikuwa pambo tu.

Nikachomoa dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili. Mkuu, oili haikudondoka. Niliishika dipstiki ikiangalia chini, ile oili imekaa tu kwenye ncha kama uji wa jana. Mtu mwenye akili angerudi ndani akanywa chai, akasubiri jua au bredauni. Mimi nikapiga swichi.

Na hapa ndipo nataka uelewe gari lako, kwa sababu hiyo 7.3 si dizeli ya kawaida. Nozeli zake, zile zinazonyunyiza dizeli kwenye silinda, zinasukumwa na oili ya injini. Ile ile oili unayomwaga chini na kuitupa. Kuna pampu ya presha kubwa juu ya injini, inachukua oili na kuipeleka kwenye nozeli kwa presha inayoweza kufika psi 3,000 (psi ni kipimo cha presha), na ndani ya nozeli presha hiyo inazidishwa mara saba ndipo dizeli inyunyizwe. Kompyuta hairuhusu nozeli hata moja kufungua mpaka presha ya oili ifike kama psi 500. Maana yake ni kwamba kwenye gari lingine oili nzito inachelewesha kulainisha, lakini kwenye hili lako oili nzito inazuia hata moto kushika. Betri nzima, hita plagi (vile vijiti vya kupasha silinda) nzima, dizeli safi, na bado gari linakuangalia tu.

Langu lilizunguka kwa uvivu wa ajabu, betri zikafa. Mfanyakazi mwenzangu akaleta waya, tukaunga na gari lake. Likashika! Sekunde chache, nikaanza kushangilia, likazima. Baadaye fundi aliyelifungua ndiye aliyenieleza: ile pampu ya juu ina kisima chake kidogo, kama kwota moja ya oili, yaani robo galoni. Injini iliwaka kwa hiyo kwota. Ilipoisha, pampu ya chini ilitakiwa kukijaza tena kutoka kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, na sampu ilikuwa na uji. Na wakati ule mdogo injini ilipokuwa inaunguruma, beringi zilikuwa zinasagana kavu. Sindano ya presha ya oili kwenye dashibodi ilikuwa imelala chini kabisa, na mimi nikajipa moyo kwamba ni kifaa kimeganda. Kwa taarifa yako, sindano hiyo kwenye Ford hizi haipimi kitu, ni swichi tu: kuna presha inasimama katikati, hakuna inalala. Ikilala, iamini.

Nikampigia mzee. Saa moja asubuhi, yeye yuko Nebraska, kwenye kabini ya lori yenye joto. Akasema, "Puliza etha kidogo pale kwenye mdomo wa hewa." Kidogo, alisema. Mwenzangu alikuwa na kopo lake la etha, ile dawa ya kupuliza inayoshika moto upesi kuwashia injini.

Malori aliyozoea mzee kule kwetu hayana hita plagi. Ukiyapulizia etha yanakohoa yanawaka, watu wanapiga makofi. Hii 7.3 ina hita plagi nane, na taa ya kusubiri ikizima kwenye dashibodi haimaanishi kwamba zimezima. Zinaweza kuendelea kuwaka mpaka dakika mbili. Kwa hiyo mwenzangu akapuliza etha kwenye injini iliyojaa vijiti vyekundu vya moto, pistoni bado iko njiani kupanda. Mlio uliotoka ulimfanya mlinzi atoke nje na simu mkononi tayari kupiga 911. Mimi mweusi, nimevaa kofia mpaka machoni, nimesimama karibu na gari lililolipuka. Nilieleza haraka sana siku ile, na Kiingereza changu hakijawahi kuwa kizuri vile.

Pistoni moja ilivunjika pale panapokaa ringi, ukuta wa silinda ukachanwa. Bredauni, kufungua, kupima, na mwisho fundi akaniambia kuunda ile injini kungegharimu kuliko gari lenyewe. Nilinunua injini ya skrepa na kulipa kuifunga. Fedha ile ingemaliza kuezeka nyumba yangu kijijini, na ndiyo sababu bado ina bati upande mmoja. Wakipita watu wanauliza kama ni mtindo mpya, nawaambia ndiyo.

Na muuza vipuri naye simwachi. Nilienda dukani mwezi wa tisa, nikaweka mezani galoni za 15W-40 na ile chupa ya dawa, nikamwambia ni ya 7.3, na ninaegesha nje. Akapiga mashine, akanitakia siku njema. Mtu amezaliwa Minnesota, anaijua Januari kuliko anavyomjua shangazi yake, anashindwa hata kukunja uso? Kama angeniuza maziwa yaliyoharibika angerudisha pesa.

Sasa sheria, na ni moja tu, uiandike kwenye kinga ya jua ya gari: ANGALIA NAMBA ILIYO KABLA YA W. Hii ya nyuma, 40, usihangaike nayo. Ya mbele ndiyo inayosema oili itakuwaje asubuhi gari likiwa limelala nje. Viwango vya SAE, chama cha wahandisi wa magari, vinapima vitu viwili kwa namba hiyo, uwezo wa stata kuizungusha injini na uwezo wa pampu kuivuta oili. 15W inapimwa kuzungushwa kwenye −20 Selsiasi na kuvutwa kwenye −25. Ukipita hapo hakuna aliyekuahidi kitu. 5W inapimwa kwenye −30 na −35. 0W kwenye −35 na −40. Fargo −25 Selsiasi si habari hata ya kuandika kwenye gazeti, hiyo ni Jumanne. Kwa hiyo 15W huko umeishiwa ahadi kabla hujapata kifungua kinywa. Na hapo hatujahesabu dawa ya chupa, ambayo inaisukuma 15W yako irudi kuwa 20W au mbaya zaidi, bila lebo yoyote kukwambia. Hata kitabu cha gari chenyewe kina jedwali la kupanga oili kufuatana na baridi. Mimi changu kilikuwa kwenye droo ya gari, kimefungwa na mpira tangu mwenye gari wa kwanza.

Nakuona unataka kuniuliza: sasa 5W-40 si itakuwa nyepesi mno kwa injini inayovuja? Hapana. Injini ikishapata moto, 5W-40 na 15W-40 zote zinapimwa kwenye nyuzi 100, na zote lazima ziangukie mlemle kwenye kipimo cha 40. Ukirudi Dallas kusalimia watu mwezi wa saba, hiyo hiyo inafaa. Uzito ule ule ukiwa na moto, wepesi ukiwa na baridi, ndicho unachokilipia kwenye sintetiki. Shell Rotella T6 ya 5W-40, Mobil Delvac 1 ya 5W-40, chagua. Kwa Ford tafuta nyuma ya galoni maandishi ya CK-4, daraja la oili ya dizeli la API (taasisi ya mafuta ya Marekani), na ile namba ya Ford wenyewe, WSS-M2C171-F1. Daraja la FA-4 liache rafuni, ni la injini mpya, halikutengenezwa kwa babu yako huyo. Unahitaji kwota 15, yaani galoni nne za Kimarekani zinabakiza kidogo, na usilie bei. Nililia bei mimi.

Kuvuja? Tengeneza panapovuja. Pale kwenye kiti cha turbo mara nyingi ni oringi tu. Oili ikidondoka unaongeza, haijaua mtu. Ila tazama sampu: chumvi wanayomwaga barabarani huku inaila bati mpaka inatoboka, na kuibadilisha sampu kwenye 7.3 ni kunyanyua injini. Ya Texas bado itakuwa nzuri, kwa hiyo ipige rangi ya kuzuia kutu kabla hujaja.

Hita ya bloku kwenye hilo gari ni ya wati 1,000, inachomekwa kwenye umeme wa nyumbani wa volti 120. Itumie, lakini usidanganyike nayo: inapasha maji ya injini, haipashi oili iliyo chini kwenye sampu. Kuna watu wanabandika kipedi cha joto chini ya sampu, nami sasa ninacho. Hata hivyo kazini hakuna plagi, kanisani hakuna plagi, Walmart hakuna plagi. Kitu pekee unachotembea nacho kila mahali ni kilichomo kwenye sampu. Ndiyo maana nasema namba iliyo kabla ya W, halafu mengine yote.

Na etha. Ukiiona kwenye gari la rafiki yako, mwombe akatumie kwenye mashine yake ya kukatia majani.

Dizeli kuganda ni habari nyingine ndefu. Jaza huko huko kaskazini, usifike na tangi lililojaa dizeli ya Texas, kwa sababu vituo vya Fargo huuza mchanganyiko wa majira ya baridi na vya Dallas havina sababu ya kufanya hivyo.

Mzee bado tunaonana. Mwaka juzi alinunua Ford Excursion yenye 7.3 hiyo hiyo, na wa kwanza kumpigia simu kumuuliza ameweka oili gani nilikuwa mimi. Akaniambia anatumia 5W-40, "maana huku kuna baridi, kijana, lazima uwe mwangalifu." Nilikata simu.

Kwa hiyo mkuu: mwaga hiyo oili yenye dawa ukiwa bado Dallas, injini ikiwa ya moto, uiache ichuruzike mpaka mwisho. Ukishajaza mpya, piga picha ya galoni upande wa nyuma, pale penye duara la API, uiweke hapa. Nataka kuiona hiyo 5 kwa macho yangu.