Je, Kamala wa Mieleka Alikuwa Mlinzi wa Idi Amin?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi na kaka yangu tuna ubishi usiokwisha. Tulipokuwa watoto tulitazama mieleka ya Marekani katika kibanda cha video kule Majengo, na kaka alikuwa akituambia kwamba Kamala, lile jitu lililochorwa tumboni, alikuwa mlinzi wa Idi Amin aliyekimbia vita vya Kagera. Mimi nasema alikuwa mwigizaji tu na kwamba vipigo vyote vilikuwa vya uongo. Tumewekeana kreti ya soda. Ukweli ni upi, na kwa nini mtu mwenye mwili ule alikuwa akishindwa? Msomaji, Nkuhungu, Dodoma.

JIBU: Ndugu msomaji, niungame kwanza kwamba hata mimi niliamini. Kabla televisheni haijaanza Tanzania Bara mwaka 1994, mkanda wa video ulitufikia Dodoma ukiwa umenakiliwa mara nyingi hata ukaona watu kama unawatazama katika vumbi la mwezi wa nane, na maelezo yote tuliyapata kwa kaka zetu wakubwa, ambao nao hawakuwa na pa kuuliza.

Kamala hakuwa Mganda. Jina lake lilikuwa James Harris, alizaliwa mwaka 1950 huko Senatobia, katika jimbo la Mississippi, na kabla ya kuingia ulingoni alikuwa dereva wa malori. Alianza mieleka mwaka 1978 kwa jina la Sugar Bear Harris, akazunguka hadi Uingereza bila kuvuma sana. Mwaka 1982, yaani miaka mitatu tu baada ya majeshi yetu kuingia Kampala, mpigana mieleka Jerry Lawler na promota Jerry Jarrett wa Memphis walimvisha ngozi ya chui, wakampa mkuki na kinyago, wakamchora nyota kifuani na miezi tumboni, kisha wakamtangaza kuwa mtu wa porini aliyewahi kumlinda Amin. Picha zake za “porini” zilipigwa shambani kwa Jarrett. (Jina Kamala si geni kwa Wahaya wa Kagera, lakini sidhani kama waliolichagua walikuwa na habari hiyo.) Kwetu sisi tuliopoteza vijana katika vita vile, ule ulikuwa mzaha mchungu, kwao ulikuwa tiketi.

Kuhusu kushindwa, ambako ndiko ufundi wa kazi yake ulikokuwa, ni lazima ufahamu kwamba matokeo ya mieleka ile hupangwa kabla. Mwaka 1989 kampuni kubwa ya huko ilikiri mbele ya wabunge wa jimbo la New Jersey kwamba mchezo wao ni burudani. Nyota anahitaji mtu wa kumwangusha, na mtu huyo sharti kwanza aogopwe. Kwa hiyo Harris, mwenye kilo zipatazo 170, alipelekwa mji hadi mji akiwaponda wadogo, kisha akakabidhiwa kwa nyota wenyewe: kwa Andre the Giant, kwa Hulk Hogan, na mwaka 1992 kwa Undertaker, ambaye mwezi wa Novemba alimwangusha, akamsukumia ndani ya jeneza na kuligongomea misumari huku watu wakishangilia. Katika miaka ya kwanza, jitu likishaangushwa lilihamia sehemu nyingine ya Marekani yenye mieleka yake, kuanza upya.

Angalia tena mkanda wenu, mahali Kamala anapomlalia mpinzani aliyelala kifudifudi. Sheria inataka mabega ya mpinzani yaguse chini, lakini “mtu wa porini” hajui sheria, na mlezi wake aliyefunika uso, Kimchee, anahangaika pembeni kumwonyesha kwa mikono kwamba amgeuze, mfano wa utingo anayemwongoza dereva kurudisha lori nyuma. Watu walicheka, na mpinzani alipata nafasi ya kuvuta pumzi. Wakati fulani aliyekuwa ndani ya kinyago cha Kimchee alikuwa Steve Lombardi, ambaye kwa jina la Brooklyn Brawler alishindwa na karibu kila mtu tangu miaka ya 1980, na akadumu kazini kwa miongo mitatu, kwa kuwa wakubwa walijua kwamba mikononi mwake hawataumia.

Hata hivyo, usiseme vipigo vilikuwa vya uongo. Chini ya turubai la ulingo kuna sponji nyembamba, chini yake mbao, na chini ya mbao vyuma. Anayeanguka hukaza kidevu kifuani, hutoa pumzi na kupiga sakafu kwa mikono ili uzito usambae. Hilo hupunguza maumivu, haliyaondoi, na yeye hulirudia karibu kila usiku. Tena wapigana mieleka hao huhesabiwa kuwa wakandarasi, si waajiriwa. Harris mwenyewe alilalamika kwamba malipo yake ya pambano la Wembley, London, mwaka 1992 yalikuwa madogo mno yakilinganishwa na ya Undertaker. Mwaka 1993 aliachana na ile kampuni kubwa ya mieleka, akarudi kwenye usukani wa lori. Kisukari kilimfanya akatwe mguu wa kushoto mwaka 2011 na wa kulia mwaka 2012. Alifariki Agosti 2020, akiwa na miaka 70.

Basi kuhusu kreti, kaka yako ameshindwa kwa Amin nawe umeshindwa kwa vipigo. Nunueni nusu kwa nusu, na chupa moja mniletee mimi.