Maswali na majibu ya Kiingereza: weka vidole kooni kwanza

Mwalimu, naomba orodha ya herufi ghuna na sighuna nizikariri. (Mwanafunzi, Katuba)

Swali hili halikomi kuja, na jibu ni lile lile: herufi haina ughuna, sauti ndiyo inayo. Hiyo hiyo S ni s katika "bus" na ni z katika "busy". Utaikariri vipi? Weka vidole viwili kooni, vuta s ndefu, kisha z ndefu. Ulimi haujahama, ila kwenye z koo linatetemeka: hiyo ndiyo sauti ghuna, na s isiyotetemesha koo ni sighuna. Usitamke "esi" na "zedi", maana irabu nayo hutetemesha koo na jaribio litakudanganya. Fanya hivyo kwa f na v, kisha uniandikie tena.

Nanunua bidhaa Zambia, ng'ambo ya mpaka wa Kasumbalesa. Nikisema "bag" wanasikia "back", na nikiikaza g ndiyo kabisa hawanielewi. (Mama, Kampemba)

Mama, acha kuikaza g. Ukiikaza, mdomo uliozoea maneno yanayoishia na irabu unaongeza i, na unatoa "bagi". Waingereza wenyewe hawaikazi: g ya mwisho wa neno huwa hafifu sana kwao. Sikio lao linapata tofauti kwenye irabu iliyotangulia. Mbele ya b, d, g, v na z irabu huvutwa. Mbele ya p, t, k, f na s hukatwa mapema. Kwa hiyo "bag", vuta a halafu inua nyuma ya ulimi taratibu ufunge g. "Back", kata a papo hapo. Ukiweza hiyo, "bad" na "bat" zimekuja, hata "prize" na "price", ambayo kwa mfanyabiashara ni zawadi na bei.

Inaniuma kwamba watoto wetu wanamaliza sekondari bila kuambiwa jambo hili hata mara moja. Wanapewa ubao umejaa herufi, basi. Na Mama, muuzaji wa Zambia naye ana lugha ya nyumbani kwao, kwa hiyo idadi na bei ziandike kwenye simu umwonyeshe kabla ya kutoa fedha.

"Of" ni f au v? (Ruashi)

V. F ni ya "off".

Mwanangu anasoma "worked" kama "workedi". Ni sawa? (Baba, Kamalondo)

Si sawa, Baba. Baada ya sauti sighuna, -ed ni t: "worked", "stopped", "washed". Baada ya ghuna, irabu zikiwemo, ni d: "lived", "played". Silabi ya ziada huja baada ya t au d tu: "wanted", "needed". Mrekebishe nyumbani kwa upole, wala usimdharau mwalimu wake mbele yake.

Kifaransa changu kinanisaidia au kinaniharibia? (Kenya ya hapa Lubumbashi)

Yote mawili. Kinakusaidia kwa sababu umezoea kumalizia "robe" na b bila kuongeza irabu. Kinakuharibia kwenye s: "basic" ya Kiingereza haina z, na "dessert" ya Kiingereza inayo, kinyume cha Kifaransa. Tena p, t na k za Kifaransa hazitoi pumzi. Shika kipande cha karatasi mbele ya midomo useme "pen": kisipotikisika, Mwingereza atasikia "Ben".

"Think" na "this" zinanishinda. Nasema "sink" na "zis". (Dada, Katuba)

Sauti zote mbili zimo katika Kiswahili sanifu: th ya "thelathini" na dh ya "dhahabu". Hapa Lubumbashi tunaandika "dhahabu" na kutamka "zahabu", ndiyo maana ulimi hauna mazoezi. Wasikilize watangazaji wa Dar es Salaam, uwafuate kwa sauti, ncha ya ulimi ikigusa meno ya juu.

Kuna kituo kinaahidi lafudhi ya Kimarekani kwa wiki mbili. Nilipe? (Kampemba)

Usilipe. Mwombe kwanza mwalimu wao atamke "ice" na "eyes". Zikitoka sawa, rudi nyumbani na fedha zako.