Ni wanaume tu walioifunga klabu ya wanawake wa Paris mwaka 1793?

Hapana, si wanaume peke yao, na hapo ndipo suala la tabaka linapoingia. Klabu hiyo, Jumuiya ya Wanawake Wanamapinduzi wa Jamhuri, ilianza Mei 1793 wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa, ikiongozwa na Pauline Léon, mtengenezaji wa chokoleti, na Claire Lacombe, mwigizaji. Hawa walitazama bei kwa jicho la mnunuzi. Kumbuka mapema 1789: mkate wa ratili nne ulifika sou (sarafu ndogo ya Ufaransa) 14 na nusu, na kibarua alipata sou 20 hadi 30 kwa siku! Ndiyo maana walidai bei za ukomo, yaani kiwango cha juu ambacho muuzaji haruhusiwi kukizidi, zisimamiwe kwa ukali.

Akina mama wachuuzi wa Les Halles, soko kuu la Paris, walikuwa upande wa pili wa mizani. Bei ikibanwa, mtaji unakatika. Septemba ikaja sheria ya kuwalazimisha wanawake wote kuvaa kokade, kile kishada cha utepe wa rangi tatu, alama ya mapinduzi, na wanaklabu wakaishadidia. Wachuuzi wakachoka. Tarehe 28 Oktoba kikao cha klabu kikavamiwa, wanachama wakapigwa. Wabunge wakapata kisingizio: siku 2 baadaye walipiga marufuku vilabu vyote vya wanawake, na hoja waliyoitoa bungeni haikugusa bei hata kidogo, ilikuwa eti maumbile ya mwanamke hayafai siasa.